Goti lilipolia "ta": kuitambua ligamenti iliyochanika na kuitibu

Wachezaji wengi wanaofika kwa fizio na goti bovu huja na bahasha ya eksirei mkononi. Waliambiwa mifupa ni mizima, wakapewa diklofenaki na bandeji ya kuvutika, wakarudi nyumbani wakiamini goti limeshtuka tu na litapoa lenyewe. Uvimbe ukaisha kweli. Wiki kadhaa baadaye wakarudi mazoezini, wakageuka kuifuata pasi, goti likaachia, wakaanguka bila kuguswa na mtu. Eksirei haikukosea kwa kile inachokiona, yaani mifupa. Ligamenti, yaani ukanda mgumu unaounganisha mfupa na mfupa, haionekani humo, na anayesoma picha bila kuuliza siku ile ilikuwaje ameruka nusu ya uchunguzi.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na naamini kwa dhati kwamba maswali matatu yanatosha kuelekeza uchunguzi wa magoti mengi: mguu ulikuwa umekaaje ulipoumia, ulisikia nini, na uvimbe ulikuja baada ya muda gani. Yaandike majibu yake leo kabla hujayasahau, uende nayo hospitali. Kisha tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako.

Hali zisizongoja kesho

Goti likitoka mahali pake kabisa, hata kama lilirudi lenyewe palepale, gusa unyayo. Mguu ukiwa baridi kuliko mwenzake, umepauka, una ganzi au vidole havinyanyuki, huenda mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti umepasuka au umeziba. Misuli ya chini ya goti haivumilii kukosa damu. Zikipita saa 6 hadi 8, hatari ya kukatwa mguu inakuwa kubwa sana. Mtu huyu apelekwe usiku huohuo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, mguu ukiwa umeegemezwa ubao au mto jinsi ulivyo. Asivutwe na mtu yeyote, awe kocha au mganga wa mifupa. Hata mapigo ya damu yakisikika kwenye unyayo, anahitaji kulazwa na kuangaliwa mara kwa mara, kwa sababu mshipa uliojeruhiwa unaweza kuziba baadaye.

Jaribu pia hili: lala chali, nyoosha mguu, uinue wote kutoka kitandani. Ukishindwa kabisa, na ukipapasa juu au chini ya kilegesambwa (kile kifuniko cha mbele ya goti) unakuta bonde, huenda ukano unaokishikilia umekatika. Huo haungojewi upone kwa mazoezi. Hushonwa, na matokeo huwa mazuri zaidi ukishonwa ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Goti jekundu, la moto, lisilokubali kukunjwa hata kidogo, pamoja na homa, lichukuliwe kuwa na usaha ndani ya kiungo hadi daktari aseme vinginevyo. Usimwache mtoto wa namna hiyo nyumbani kwa sababu tu alianguka jana. Usaha hula gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu.

Kwa wengine, zipo kanuni zilizotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, za kuamua nani anahitaji eksirei ya goti. Anayeihitaji ni mwenye miaka 55 au zaidi. Asiyeweza kukunja goti hadi nyuzi 90. Asiyeweza kutembea hatua nne, mara tu baada ya kuumia na hata anapofika hospitali. Anayeumia akibonyezwa kwenye kilegesambwa peke yake. Au akibonyezwa kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, chini kidogo ya goti. Akikosa yote matano, uwezekano wa kuvunjika mfupa ni mdogo mno, na pesa ya eksirei ni bora imlipie muda wa mtu anayejua kulikagua goti kwa mikono.

Lilitoa mlio, likavimba kabla ya jua kuzama

Mchezaji alikuwa kwenye kasi, akakanyaga ili abadilishe upande. Au aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja. Mara nyingi hakuguswa na mtu. Unyayo ulibaki chini, mwili ukazunguka, goti likaingia kwa ndani. Akasikia "ta", pengine hata aliyekuwa karibu naye alisikia. Alijaribu kuendelea akashindwa, na baada ya saa mbili hivi goti lilikuwa limefura hadi kilegesambwa hakionekani.

Watu husema goti limejaa maji. Uvimbe wa haraka namna hiyo ni damu. Katikati ya goti zipo ligamenti mbili zinazopishana kwa msalaba, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala kuzunguka ovyo chini ya mfupa wa paja. Ina mishipa ya damu, kwa hiyo ikichanika inavuja ndani ya kiungo. Katika magoti yaliyojaa damu baada ya kuumia michezoni bila mfupa kuvunjika, takriban saba kati ya kumi huwa na ligamenti hiyo iliyochanika. Nikipata mlio, kushindwa kuendelea na uvimbe wa saa mbili kwa mtu mmoja, namchukulia kuwa ameichana hadi ithibitike vinginevyo. Wasichana wanaocheza soka, netiboli na mpira wa kikapu huumia hivi mara mbili au tatu zaidi ya wavulana wa mchezo uleule, kwa hiyo mwalimu wa michezo asimwambie binti anajidekeza.

Sababu nyingine za uvimbe wa damu zipo. Kilegesambwa kinaweza kuchomoka kwenda upande wa nje na kurudi. Huyo ataruka ukijaribu kukisukuma nje kwa kidole gumba, na ukingo wake wa ndani ndio unaouma. Kwa mtoto ambaye bado anakua, mara nyingine mfupa ni dhaifu kuliko ligamenti, basi ligamenti inabaki nzima ikang'oa kipande cha mfupa ilipojishikiza. Hicho kipande eksirei inakiona, ndiyo maana mtoto mwenye goti lililojaa damu apigwe picha hata kama anatembea.

Kipimo cha mikono ninachokiamini kuliko vyote ni cha Lachman, kilichopewa jina la daktari John Lachman wa Philadelphia, na kuelezwa kwa maandishi na Joseph Torg na wenzake mwaka 1976. Mgonjwa analala chali, paja likiwa limelegea kabisa. Goti linakunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya paja. Mkono mmoja unashika paja juu kidogo ya goti, wa pili unashika muundi kwa nyuma, kidole gumba kikikaa mbele, chini ya kilegesambwa. Kisha unavuta muundi mbele kwa mvuto mfupi. Goti zima linasogea kidogo halafu linasimama ghafla, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Goti ambalo ligamenti yake imekatika linaendelea kuja, na mwisho wake ni laini, hauna mkato. Daima naanza na mguu mzima, kwa sababu wapo watu waliozaliwa na viungo vilegevu na magoti yao yote mawili yanacheza.

Siku ya kwanza kipimo hiki hudanganya mara nyingi. Maumivu yanaifanya misuli ya nyuma ya paja ijikaze, muundi hausogei, na mkaguzi anaandika kwamba goti liko imara. Ukiambiwa hivyo goti likiwa bado limefura, rudi baada ya siku 7 hadi 10 ukaguliwe upya. Ukaguzi huo wa pili ndio watu wengi hawaufanyi, na ndio ungewaokoa.

Uvimbe ulikuja kesho yake

Ulijipinda ukiwa umechuchumaa au ulipokuwa unanyanyuka na mzigo. Uliendelea kutembea, ukalala, ukaamka goti limejaa. Maumivu yako kwenye mstari wa kiungo, pale kidole kinapozama kati ya mifupa miwili, ndani au nje. Hapa mshukiwa wa kwanza ni meniski, yaani vile vipande viwili vya gegedu, kimoja kila upande, vilivyokaa katikati ya mifupa na kupokea uzito.

Swali la kuuliza ni moja: je, goti linanyooka? Maumivu peke yake, bila kukwama, hupewa mazoezi kwanza, na wengi hupata nafuu bila kisu. Lakini goti lililogoma kunyooka nyuzi za mwisho, likirudi kama limekanyaga kitu, huenda limebanwa na kipande cha meniski kilichopinduka. Huyo aonwe na bingwa wa mifupa ndani ya siku chache, si miezi, kwa sababu kipande kilichochanika karibuni kinaweza kushonwa, ilhali kilichosagika kwa kutembelewa hukatwa na kutupwa.

Kumbuka kwamba meniski na ligamenti ya msalaba huchanika pamoja mara nyingi. Ukipata moja, itafute ya pili.

Mtu aliingia kwa nje, maumivu yako upande wa ndani

Mpinzani alikuangukia kwa nje ya goti, goti likasukumwa ndani. Unaumia kwenye uzi mmoja upande wa ndani, kuanzia juu ya kiungo kushuka chini yake, na uvimbe uko hapohapo badala ya kujaa goti zima. Hii ni ligamenti ya ndani. Ina damu ya kutosha na hupona yenyewe. Mara chache sana huhitaji upasuaji ikiwa imeumia peke yake. Iliyovutika tu huchukua wiki moja hadi tatu, iliyochanika nusu wiki nne hadi sita hivi, iliyokatika yote hufikia wiki 12 ikiwa na kifaa chenye vyuma pembeni kinachoruhusu goti kukunjwa bila kuyumba.

Hatari yake ni kumridhisha mkaguzi mapema. Maumivu ya wazi upande wa ndani yanamfanya asiangalie katikati, na ligamenti ya msalaba iliyochanika kwa pigo lilelile inabaki bila kujulikana.

Goti liligonga kitu likiwa limekunjwa

Abiria wa kiti cha mbele aliyegonga dashibodi, dereva wa bodaboda aliyetua kwa goti, golikipa aliyeangukia muundi. Maumivu yako nyuma ya goti na uvimbe ni wa wastani, wakati mwingine mdogo kiasi cha kupuuzwa. Hapa fikiria ligamenti ya msalaba ya nyuma.

Mlaze mgonjwa chali, kunja magoti yote mawili hadi nyuzi 90, nyayo zikiwa sambamba kitandani. Inama uyatazame kwa pembeni, macho yakiwa usawa wa magoti. Kwenye mguu mzima, mfupa wa muundi unatokeza kidogo mbele chini ya kilegesambwa. Kwenye ulioumia muundi umezama nyuma na pale pa kutokeza pamekuwa bapa. Huna haja ya kuvuta chochote, unaona kwa macho. Mkaguzi asiyetazama hivi huvuta muundi mbele, ukasogea sana kwa sababu ulianzia nyuma, akaandika kwamba ligamenti ya mbele ndiyo iliyokatika. Ligamenti ya nyuma ikiwa imeumia peke yake, mara nyingi hutibiwa kwa kifaa na kwa kuimarisha misuli ya mbele ya paja.

Ligamenti ya upande wa nje huumia kwa nadra, lakini ikiumia huwa mara chache iko peke yake. Neva inayonyanyua unyayo inapita jirani yake. Mtu mwenye maumivu ya nje ya goti ambaye unyayo wake unaburuza asipewe mazoezi na kuambiwa arudi mwezi ujao. Aonwe na bingwa mapema, maana upasuaji wa eneo hilo ni mgumu zaidi ukicheleweshwa.

Miezi imepita, haliumi sana, ila linaachia

Uliza linaachia wakati gani. Likiachia unapogeuka, unaporuka au unapokanyaga shimo usilolitegemea, na kila mara likavimba tena kwa siku mbili tatu, ligamenti ya msalaba ya mbele ndiyo ya kuchunguzwa. Likiachia unaposhuka ngazi au unapotembea moja kwa moja, huku sehemu ya mbele ikichoma, mara nyingi tatizo ni paja: maumivu na uvimbe vimezima misuli ya mbele, ikanywea, haishiki tena. Pima mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 juu ya kilegesambwa, uone tofauti.

Kila goti linapoachia, meniski na gegedu zinasagwa. Ndiyo maana hali hii haifai kuvumiliwa mwaka mzima kwa sababu tu unaweza kwenda kazini.

Eksirei safi; je, MRI?

Eksirei ya goti lililochana ligamenti mara chache hutoa kidokezo: ganda dogo la mfupa lililong'oka pembeni mwa muundi, upande wa nje juu. Mfaransa Paul Segond alilieleza mwaka 1879, na anayelijua akiliona anajua ligamenti ya msalaba ya mbele karibu hakika imekatika. Tatizo ni kwamba ni dogo, na husomwa kama si kitu.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayoonyesha ligamenti na meniski zenyewe, kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90 kwa ligamenti ya msalaba ya mbele. Ni ghali na iko zaidi kwenye miji mikubwa, kwa hiyo ninapendelea mtu akaguliwe kwanza na anayejua. Ikiwa goti linakwama, ikiwa upasuaji unafikiriwa, au ikiwa mikono haijatoa jibu baada ya ukaguzi wa pili, hapo MRI ina kazi. Kwa mzee wa miaka 60 asiyekumbuka ajali yoyote, MRI mara nyingi itaonyesha meniski iliyochakaa, na huenda siyo inayomuuma. Picha isomwe pamoja na goti, isisomwe peke yake.

Wiki ya kwanza

Hapa ndipo madhara mengi hutokea, na yanatoka kwa watu wanaotupenda. Bibi anachemsha maji ya chumvi, jirani analeta dawa ya kuchua, mchuaji anaitwa kulirudisha goti mahali pake. Goti linalovuja damu likikandwa kwa moto na kusuguliwa linavuja zaidi. Ligamenti iliyokatika hairudi kwa kuvutwa. Waheshimiwa wazee wetu, lakini maji ya moto yasubiri hadi uvimbe upungue, na mchuaji asiliguse kabisa.

Funga bandeji kuanzia chini kupanda juu, isibane hadi vidole vikawa na ganzi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Inua mguu juu ya usawa wa moyo. Tembea na magongo mawili, ukikanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Parasetamoli inatosha wengi. Diklofenaki na ibuprofeni zisimezwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito bila daktari kujua. Usiweke mto chini ya goti ukilala, ingawa ndivyo linavyotulia: goti linazoea kukunjwa, na kulinyoosha baadaye ni kazi ya machozi.

Hogo (plasta ngumu) la wiki sita kwa ligamenti ya msalaba ya mbele iliyochanika peke yake silioni faida yake. Haliunganishi ncha zilizoachana, na likifunguliwa unakuta paja limebaki fimbo.

Zoezi la kwanza lianze mara maumivu makali yakitulia, hata siku ya pili au ya tatu. Kaa kitandani, mguu umenyooka, kunja taulo uiweke chini ya goti. Weka vidole viwili juu ya paja, upande wa ndani, sehemu iliyo karibu na kilegesambwa. Sasa bonyeza taulo chini kwa nyuma ya goti. Misuli ikikaza chini ya vidole na kilegesambwa kikapanda kuelekea nyonga, umepata. Ikibaki laini kama mtu aliyelala, usikate tamaa; kaza goti zima kwanza ili ubongo ukumbuke, kisha rudi kwenye lililoumia. Shikilia hesabu ya tano, rudia mara kumi, mara nyingi kwa siku. Mtu asiyeweza hili hana haja ya kuanza kuchuchumaa wala kupanda baiskeli.

Kisu au mazoezi?

Swali hili watu huliuliza siku ya kwanza, na siku ya kwanza jibu lake halipo, isipokuwa goti limekwama, ligamenti zaidi ya moja zimekatika, au mfupa umeng'oka. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio la vijana 121 waliochana ligamenti ya msalaba ya mbele. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi. Nusu walianza na mazoezi, na aliyehitaji upasuaji baadaye akaupata. Baada ya miaka miwili, hali za makundi hayo zilikuwa sawa. Baada ya miaka mitano, takriban nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa wamefanyiwa upasuaji; nusu nyingine hawakuuhitaji. Jaribio la Uingereza lililotoka mwaka 2022 lilitazama watu ambao goti lao lilikuwa linaachia tayari kwa muda, na kwao upasuaji ulitoa matokeo bora kuliko kuanza tena na mazoezi.

Ushauri wangu unatokana na hayo mawili. Anza na miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, yanayosimamiwa. Likitulia, na maisha yako ni ya kutembea, kuendesha gari na kukimbia moja kwa moja, unaweza kuishi vizuri bila ligamenti hiyo. Likiendelea kuachia, au mchezo wako ni wa kugeuka na kuruka, upasuaji una maana. Na kazi ihesabiwe kama mchezo: mkulima wa Lushoto anayeshuka mteremko wenye tope na mzigo kichwani analidai goti lake sawa na winga.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Ligamenti iliyokatika kwa kawaida haishonwi, bali hutengenezwa mpya kutokana na ukano wa mgonjwa mwenyewe, wa nyuma ya paja, wa chini ya kilegesambwa au wa juu yake, na kupitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa mifupani. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ndiyo kituo kikuu cha kazi hii. Anza na rufaa kutoka hospitali ya wilaya au mkoa, ukiwa na maandishi ya siku ulipoumia. Usikubali kupasuliwa goti likiwa bado limefura na halinyooki, isipokuwa limekwama kwa meniski. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa gumu hutoka likiwa gumu zaidi.

Baada ya upasuaji mambo hayaendi

Goti halinyooki kabisa wiki ya sita: kwanza ongeza muda wa kulinyoosha, kisigino kikiwa juu ya mto na goti likining'inia hewani. Lisipobadilika, mrudie daktari, kwani kovu linaweza kuota mbele ya kipandikizi, yaani ile ligamenti mpya, na kuzuia njia, na huondolewa.

Ganzi pembeni ya kovu: kineva cha ngozi kimekatwa, si hatari, huenda ikabaki.

Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kidonda kinachotoa majimaji: hospitali siku hiyohiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda mshipani; ukiongeza kifua kubana au pumzi kukata, ni dharura.

Goti linajisikia zuri mno mwezi wa pili au wa tatu: hili ndilo linalonipa wasiwasi kuliko maumivu. Kipandikizi kinapoanza kujengwa upya ndani ya goti hupitia kipindi cha udhaifu, na ni wakati huohuo mgonjwa hatembei tena akichechemea, rafiki zake wanamwita kwenye bonanza.

Kurudi uwanjani

Tarehe 1 Januari 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Wesley, aliumia goti wakicheza na Burnley, ligamenti ya msalaba ya mbele ikachanika. Mwezi huohuo klabu ikamsajili Mbwana Samatta, akawa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Shabiki wa hapa alishangilia nafasi hiyo. Wesley, pamoja na madaktari na vifaa vyote vya klabu ile, hakucheza tena hadi 2021. Kijana wa ligi ya mkoa anayeniambia atarudi baada ya miezi minne namwomba ajilinganishe na huyo.

Utafiti wa Delaware na Oslo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takriban asilimia 51. Baada ya mwezi wa tisa kalenda haikuongeza faida hiyo. Kwa hiyo miezi tisa ni kiwango cha chini, halafu goti lenyewe lipimwe: lisivimbe asubuhi baada ya mazoezi, linyooke na kukunjwa kama mwenzake, nguvu ya paja ifikie asilimia 90 ya mguu mzima, na uruke kwa mguu mmoja, mruko mmoja na mitatu mfululizo, ukifika asilimia 90 ya umbali wa mguu wa pili. Kwa kuruka unahitaji chaki na futi tu. Mtazame pia anavyotua. Akifika mbali lakini goti likaingia ndani wakati wa kutua, bado.

Vijana chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye michezo ya kugeuka huumia tena kwa kiwango cha karibu mmoja kati ya wanne, na mara nyingi ni goti la pili, lile zima. Kwa sababu hiyo mazoezi ya kinga ni ya miguu yote miwili, na ni ya timu nzima. Programu ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, inafanyika kwenye uwanja wa vumbi bila kifaa, na timu zinazoifanya angalau mara mbili kwa wiki huumia mara chache kuliko zisizoifanya. Kocha akiwa na muda mfupi, aweke yale ya kutua kwa magoti yaliyokunjwa yakielekea mbele ya vidole, kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akikusukuma bega, na lile la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo, ukijishusha mbele polepole kwa nguvu ya misuli ya nyuma ya paja.